Somo: Namna ya kusoma na kutunza chombo cha kale cha Kiingereza kilichogangwa

Mfano wangu katika somo hili ni buli la udongo la Kiingereza, lenye picha za buluu za majumba na madaraja ya Kichina, ambalo mdomo wake wa asili ulivunjika zamani, na mahali pake fundi bati akaweka mdomo wa bati. Aliukata mdomo huo kwa mkasi, akaukunja kama koni, akaulehemu kwenye mshipi wa bati uliozunguka tumbo lote la buli ili uzito usiangukie sehemu moja. Ukimulika ndani kwa tochi, utaona bado vitundu vidogo alivyotoboa mfinyanzi vya kuchujia majani ya chai, na nyuma yake ukingo wa lehemu wa fundi wa pili. Mafundi wawili ambao huenda hawakuonana kamwe wamekutana katika chombo kimoja. Kwa sababu hiyo ninamsihi kila anayepata chombo cha namna hii asikisafishe wala asikitengeneze upya kabla hajakisoma.

Hatua ya kwanza ni kukijua chombo chenyewe, na kazi hiyo huanzia kwenye kitako. Vingi vya vyombo hivi vilitoka Staffordshire, katika miji ya ufinyanzi ya Burslem, Hanley, Stoke, Tunstall, Longton na Fenton. Tazama mahali gilezi, yaani lile tabaka la kioo linalofunika udongo, ilipojikusanya kwenye pembe ya kitako. Katika vyombo vya rangi ya malai, ambavyo Josiah Wedgwood alivitukuza katika miaka ya 1760 hata vikaitwa vyombo vya Malkia kwa heshima ya Malkia Charlotte, gilezi hiyo huwa na umanjano au ukijani kidogo. Katika vile vya rangi ya lulu, vilivyoenea katika miongo miwili iliyofuata, huwa na ubuluu, kwa kuwa kobalti kidogo, madini yatoayo rangi ya buluu, ilitiwa ndani yake ili kuficha umanjano. Alama yenye umbo la almasi ni ya usajili wa mchoro kati ya 1842 na 1883. Neno ENGLAND kwa kawaida huonyesha mwaka 1891 au baadaye, wakati sheria ya forodha ya Marekani ilipotaka bidhaa zitaje nchi zilikotoka. Vyombo vingi havina alama yoyote, na hilo lisikuvunje moyo.

Hatua ya pili, ambayo ndiyo moyo wa somo, ni kuelewa jinsi chombo kilivyogangwa. Mgango utakaokutana nao mara nyingi zaidi ni ule wa pini za waya, ambazo wengi huziita ribiti ingawa hazipigwi nyundo kama ribiti za chuma. Fundi aliviunganisha vipande, akavifunga kwa kamba, kisha akatoboa matundu pande zote mbili za ufa kwa keekee ya uta yenye ncha ya almasi. Tundu halikupenya hadi upande wa pili: liliishia katikati ya unene wa sahani, na mara nyingi lilielekezwa kwa mshazari ili mguu wa pini usichomoke. Fikiria mkono wa mtu anayejua, kwa mguso tu, kwamba keekee imefika nusu ya ukuta usiozidi milimita 4. Halafu alikata waya wa shaba ya manjano, au pengine wa chuma, akaubapa, akaukunja miguu miwili iliyokaribiana kidogo kuliko matundu yenyewe, kisha akailazimisha kuingia. Waya ulipotaka kurudi katika umbo lake uliuvuta ufa ukafumba. Mwisho alijaza matundu kwa plasta. Geuza sahani uso juu na mara nyingi hutaona pini hata moja, kwa maana fundi alizificha zote upande wa chini.

Kuna na migango mingine. Mkono wa kikombe uliovunjika ulibadilishwa kwa mkono wa bati, na pengine ukasukiwa fito nyembamba ili usiunguze vidole. Bilauri iliyopoteza mguu ilipewa kitako cha mbao kilichochongwa kwa kerezo. Mwenye uwezo alimpelekea mfua fedha buli lake, likarudi na mdomo wa fedha. Nyumbani watu walijaribu gundi ya chokaa na ute wa yai, ambayo leo huonekana kama mstari mweupe uliovimba kwenye ufa.

Hatua ya tatu ni kukadiria umri wa mgango, maana mgango unaweza kuwa mdogo kuliko chombo kwa miaka mia moja. Parafujo yenye kichwa cha msalaba haitangulii miaka ya 1930. Pini za shaba zilizopoa rangi na kushika uchafu pembeni zina umri, ila pini peke yake haitoshi kutaja mwongo, kwa kuwa kazi hiyo iliendelea Uingereza hadi katikati ya karne ya 20, wakati gundi za kisasa za epoksi zilipoifukuza. Chukua taa ya miali ya urujuanimno ndani ya chumba chenye giza: rangi na gundi za kisasa mara nyingi hung'aa tofauti na gilezi inayozizunguka, nawe utaiona sehemu iliyopakwa rangi, ambayo kwa mwanga wa mchana huonekana kana kwamba ni moja na chombo.

Hatua ya nne ni kuandika na kupiga picha. Piga juu, chini, na kila pini kwa karibu, ukiweka rula kando. Hesabu pini. Hesabu pia matundu matupu, kwa sababu matundu mawili yaliyojazwa plasta bila waya ni ushahidi kwamba palikuwa na pini iliyotolewa.

Hatua ya tano ni kusafisha, na hapa nina jambo linaloniuma hadi leo. Miaka ya mwanzo nililoweka sahani yenye pini za chuma katika maji ya sabuni usiku kucha. Asubuhi kutu ilikuwa imepenya kwenye udongo chini ya gilezi, ikaacha madoa ya rangi ya chai kuzunguka kila pini, na madoa hayo hayajatoka. Basi usiloweke kamwe. Tumia pamba iliyofungwa kwenye kijiti, ikiwa na unyevu tu wa maji yaliyotoneshwa, ukipangusa na kukausha kipande kwa kipande. Maji ya jiki hayafai hata kidogo, kwani hula shaba na kuacha chumvi ndani ya udongo, nayo chumvi hiyo ikikauka huweza kubandua gilezi. Dawa ya kung'arishia shaba pia iache dukani: huacha ukungu mweupe kwenye nyufa, na rangi ya kahawia iliyo juu ya pini ni sehemu ya umri wake.

Kuhusu kuweka, nitasema machache. Inua buli kwa mikono miwili ukishika tumbo, usilishike kwa mkono wake. Sahani yenye pini usiitundike kwa kishikio cha springi, kwa sababu springi huivuta kingo kwa kingo. Iweke kwenye kistendi, mbali na dirisha linalopokea upepo wa bahari, hasa kama pini ni za chuma.

Maswali ya wanachama

Swali kutoka Lamu: Katika zidaka za nyumba ya bibi yetu kuna sahani ya buluu yenye matundu mawili kwenye duara la kitako, lakini haina ufa wowote. Je, huo ni mgango?

Jibu: Hapana. Matundu ya mgango hufuata ufa, moja upande huu na jingine upande wa pili. Matundu mawili yaliyokaribiana kwenye duara la kitako, bila ufa, ni ya kupitishia uzi wa kutundikia ukutani. Usiyazibe, kwa kuwa yanaeleza maisha ya sahani hiyo baada ya kuvuka bahari.

Swali kutoka Mombasa: Shikamoo mwalimu. Je, naweza kunywea chai katika buli lenye mdomo wa bati?

Jibu: Marahaba. Tafadhali usinywee. Gilezi za zamani za Staffordshire zilitengenezwa kwa risasi, na lehemu ya bati ina risasi pia. Chai ya moto na ndimu huweza kuiyeyusha kidogo kidogo. Litazame, usilitumie mezani.

Swali kutoka Dar es Salaam: Fundi mmoja amejitolea kunitolea pini zote na kupaka rangi ili sahani ionekane nzima. Nimkubalie?

Jibu: Ningekataa. Pini zikitolewa hubaki matundu, na kuyaficha kunahitaji kupaka rangi juu ya gilezi iliyo nzima. Sababu pekee ya kuzitoa ni pale zinapoanza kuuvunja udongo, kwa mfano kutu ya chuma inapovimba na kusukuma kingo za tundu. Hata hapo kazi hiyo ni ya mhifadhi aliyesomea vyombo vya kauri, nawe udai akurudishie pini zote ndani ya bahasha.

Swali kutoka Maskati: Pini moja kati ya saba imelegea na sahani inacheza. Nitie supagluu?

Jibu: Usitie, ndugu yangu. Supagluu hushika haraka kabla kingo hazijakaa sawa. Wahifadhi hupendelea gundi kama Paraloid B-72, ambayo huyeyushwa tena kwa asetoni, hivyo kosa la leo hurekebishika kesho. Kwa sasa laza sahani juu ya taulo lililokunjwa, uso chini, usiisogeze, na pini ile iliyolegea iache mahali pake mpaka mhifadhi aione.