Kukadiria mashapo ya dhahabu kwenye leseni ndogo: hatua tulizopitia Nzega

Kikundi kimoja cha wachimbaji wadogo pale Nzega kiliambiwa na benki kwamba hakuna mkopo bila taarifa ya mashapo, yaani makadirio ya mwamba wenye dhahabu ulioko ardhini. Mwenyekiti wao, mama wa makamo, alinipa karatasi waliyokwisha kumlipa mtu awaandalie: tani 8,748 zenye gramu 5 za dhahabu kwa kila tani. "Mwanangu, benki wameikataa. Kosa liko wapi?" Nikamuuliza uzito wa mwamba ulipimwaje. Wakatazamana. Hakuna aliyepima.

Nami kazi yangu ya kwanza niliharibu hapohapo, ndiyo maana hatua ya 3 hapa chini ni ndefu kuliko zote.

Hatua ya 1: Chora mkanda

Mkanda ni ule mwamba mwembamba mrefu unaobeba dhahabu. Anza na bikoni ya leseni (alama ya mpaka), tepu ya mita 50 na dira ya mwanajiolojia. Simu usiitegemee: GPS yake hukosea mita kadhaa, na mkanda wenyewe hauna hata mita moja ya upana. Chora kila duara (shimo la kuchimbia), kila mtaro na mwelekeo wa mkanda. Mkanda ukilala, upana uupime kwa kuukata kwa pembe mraba, kutoka ukuta wake mmoja hadi mwingine. Ukiupima kwa usawa wa ardhi mkanda uliolala nyuzi 60, mita 1 uliyoandika ni sentimita 87 tu.

Hatua ya 2: Chukua sampuli

Chonga mfereji kwa tindo kutoka ukingo mmoja wa mkanda hadi mwingine, kina kilekile na upana uleule. Usichague mawe yenye macho ya dhahabu. Katika kila sampuli 20 weka pacha moja (sampuli iliyorudiwa), sampuli tupu moja isiyo na dhahabu na moja yenye kiwango kinachojulikana, ili uikague maabara, kisha peleka. Kama dhahabu yako ni ya chenga kubwa, omba sampuli ichekechwe kwanza, chenga zipimwe peke yake. Gramu 50 za unga zinazopimwa maabara zinaweza kuikosa chenga iliyobeba nusu ya dhahabu yote, au zikaidaka ukadhani umetajirika.

Hatua ya 3: Pima uzito wa mwamba wako mwenyewe

Watu wengi huandika 2.7, yaani tani 2.7 kwa kila mita ya ujazo, kwa sababu ndiyo namba iliyo vitabuni. Namba hiyo inaufaa mwamba mgumu ambao haujaoza. Nzega, kama sehemu kubwa ya Tabora, juu kuna tabaka jekundu lililooza, jepesi, lenye vitundu. Wachimbaji wanalijua vizuri kwa sababu ndilo wanalochimba kwa sururu bila baruti.

Utahitaji mizani ya dijitali inayobeba kilo 10 na kusoma gramu 1, ndoo, uzi, mishumaa na jiko la mkaa. Mizani ya kuning'iniza siipendi, upepo huichezea.

Chukua vipande vya ukubwa wa ngumi, 20 kutoka kila tabaka: jekundu lililooza, la katikati na gumu la chini. Usichanganye matabaka.

Vikaushe kabisa. Hapa ndipo nilipopoteza siku 3 kwenye kazi ile ya kwanza. Nilipima mwezi wa Januari, mvua za Tabora zimekolea, vipande vikiwa vimebeba maji, nikapata namba nzuri mno. Maabara hupima gramu kwa tani kwenye unga uliokaushwa, kwa hiyo tani zako nazo lazima ziwe kavu. Ukizidisha tani za mbichi kwa gramu za mkavu, umeyahesabu maji kama mwamba wenye dhahabu. Oveni ya nyuzijoto 105 kwa saa 24 ndiyo bora. Ukiwa porini tumia sufuria yenye mchanga juu ya moto mdogo, na upime tena na tena mpaka uzito uache kushuka.

Kisha pima kipande kikavu. Kichovye haraka kwenye nta ya mshumaa iliyoyeyuka, kikipoa kipime tena. Nta isiwe ya moto sana, la sivyo itazama kwenye vitundu na kukuongezea uzito wa bure. Bila nta, kipande cha tabaka jekundu kitakunywa maji au kitamomonyoka ndooni. Vyangu vya mwanzo vilimomonyoka hivyo.

Sasa weka ndoo yenye maji juu ya mizani na urudishe namba kwenye sifuri. Ning'iniza kipande kwa uzi kizame chote bila kugusa chini wala ukingo. Gramu unazosoma ni ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Toa ujazo wa nta, ambao ni uzito wa nta kugawanya kwa 0.9.

Mfano wetu: kipande kikavu gramu 640, kikiwa na nta gramu 676, ndani ya maji mizani ikasoma 360. Nta ni gramu 36, ujazo wake 40. Kipande kina sentimita za ujazo 320. 640 kwa 320 ni 2.0. Angalia tofauti yake na 2.7.

Kabla ya kuamini chochote, pima kipande cha kwazi safi, lile jiwe jeupe. Lazima upate karibu 2.65. Usipopata, tafuta kosa kwenye mizani au kwenye viputo vya hewa vilivyong'ang'ania jiwe.

Tahadhari nyingine: vipande vinavyofika salama mkononi mwako ni vile vigumu. Vilaini vimebaki unga chini ya duara, na ndivyo vyepesi. Palipo laini sana, chimba shimo dogo la mraba, kausha na upime chote kilichotoka, kisha tandika nailoni shimoni na uhesabu lita za maji zinazolijaza.

Hatua ya 4: Hesabu

Mkanda wa kikundi: urefu mita 120, kina mita 30, upana wa wastani mita 0.9. Ujazo 3,240. Ukizidisha kwa 2.7 unapata zile 8,748 za karatasi ya benki. Lakini mita 20 za juu zina 2.0, hivyo ni tani 4,320. Mita 10 za chini zina 2.6, tani 2,808. Jumla 7,128. Tani 1,620 zimeyeyuka, na kwa gramu 5 hizo ni kilo 8.1 za dhahabu ambazo hazijawahi kuwepo.

Bado mashimo. Nilishuka kwenye maduara yao ya zamani na tepu: mita za ujazo 240 zilikwisha kutolewa, zote kwenye tabaka la juu. Toa tani 480. Zikabaki 6,648.

Programu kubwa za vielelezo sikuzitumia. Kwa mkanda mmoja, Excel inatosha, na mwenyekiti anaweza kuifuata hesabu mstari kwa mstari.

Hatua ya 5: Panga ngazi

Kanuni ya JORC ya 2012, ya Australia ya kutoa taarifa za mashapo, inayotumiwa sana na kampuni za madini, ina ngazi 3 za rasilimali: iliyokisiwa, iliyobainishwa na iliyopimwa. Juu yake kuna akiba, yaani sehemu inayoweza kuchimbwa kwa faida, yenye uwezekano au iliyothibitika. Akiba huhitaji angalau upembuzi yakinifu wa awali unaoonyesha kwamba kuchimba kutalipa, na rasilimali iliyokisiwa haiwezi kugeuzwa akiba moja kwa moja.

Kwa maduara na mitaro peke yake, bila kuchoronga, niliwaandikia iliyokisiwa. Hawakufurahi. Mzee mmoja akasema mgodi wa Golden Pride ulikuwa hapahapa wilayani. Ni kweli, shikamoo yake nampa, ila dhahabu ya jirani haiingii kwenye hesabu yako.

Ndugu wa Kigoma wanaoniuliza kuhusu mafuta ya Ziwa Tanganyika: huko kanuni ni nyingine, PRMS, ya kukadiria mafuta na gesi, inayotumia uwezekano wa asilimia 90, 50 na 10 kwamba kiasi kilichoandikwa kitafikiwa au kuzidi. Ila kabla kisima hakijakuta mafuta, neno akiba halitumiki huko pia.

Hatua ya 6: Andika

Usiandike 6,648. Andika "takriban tani 6,600 zenye gramu 5 kwa tani, sawa na kilo 33 za dhahabu, rasilimali iliyokisiwa". Weka tarehe, ramani, jedwali la sampuli zote pamoja na zile zilizotoka sifuri, na ukurasa mzima wa vipimo vya uzito. Kama taarifa itafuata JORC, lazima iwe na mtaalamu mwenye sifa, mwanachama wa chombo cha kitaaluma kinachotambuliwa, mwenye uzoefu wa angalau miaka 5 katika aina hiyo ya mashapo, na jina lake lionekane. Hii ya kikundi haikufika huko, nami niliandika hivyo kwenye ukurasa wa kwanza, kwa herufi za ukubwa uleule na zile za kilo 33.