Kulitunza Gari la Zamani Mombasa Bila Kuwa Fundi

Anayetaka kumiliki gari la zamani katika mji huu, hali hajui kufungua hata plagi, aelewe kwanza kuwa adui wake mkubwa ni kutu wala si injini. Injini ya Peugeot 504 au ya Volkswagen Beetle fundi mzoefu huifungua na kuifunga kwa spana za kawaida, lakini bodi iliyoliwa na hewa ya chumvi hukatwa na kuchomelewa kipande baada ya kipande, na gharama yake ni vigumu kuikadiria mapema.

Kwa hiyo siku ya kununua, lala chini ulitazame tumbo la gari kabla ya kuisikiliza injini. Chukua sumaku ndogo, uivike kitambaa chepesi, kisha uipitishe kwenye kingo za chini za milango na juu ya matairi ya nyuma. Inapokataa kunasa, yaelekea chini ya rangi pana puti tupu, ule ujazo wa kufichia mashimo ya kutu. Inua zulia ubonyeze sakafu kwa kidole gumba. Namba ya chasisi na ya injini zilingane na zilizo kwenye hati ya umiliki kabla hujatoa hata shilingi moja.

Mimi humshauri anayeanza achague gari ambalo mafundi wa hapa wamelizoea. Peugeot 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na iliendelea kuunganishwa Kenya miaka mingi baada ya Ufaransa kuacha kutengeneza saluni yake mwaka 1983; ndiyo maana wapo bado wanaoijua kwa kuishika.

Jambo linaloharibu magari mengi ni maji. Visima vingi vya Mombasa hutoa maji ya chumvichumvi, na mwenye gari huyatia kwenye rejeta kwa kuwa ndiyo yaliyopo nyumbani. Injini ya 504 ina kichwa cha alumini juu ya bloku ya chuma, na chumvi huila alumini hiyo taratibu, huziba njia za maji, hadi siku moja gari linachemka na gasketi ya kichwa, inayoziba kati ya kichwa na bloku, kuungua. Tumia maji yasiyo na chumvi pamoja na dawa ya rejeta, uyakague asubuhi injini ikiwa baridi, na kamwe usifungue kifuniko injini ikiwa moto. Katika foleni ya feri ya Likoni, zima injini kila msongamano unaposimama. Beetle haina rejeta, ila mkanda unaozungusha dainamo ya kuchaji betri ndio unaozungusha pia feni ya kuipoza injini. Taa nyekundu ya chaji ikiwaka njiani, simama papo hapo, kwani huenda mkanda huo umekatika.

Lioshe chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila linapotoka ufuoni, na uzibue vitundu vilivyo chini ya milango ili maji yasituame. Wengi hulifunika kwa turubai wakidhani wanalihifadhi, kumbe unyevu hunaswa ndani. Banda lenye kivuli na upepo ni bora zaidi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, basi yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Tairi nalo huzeeka hata likiwa na meno: tarakimu nne za mwisho ubavuni, kwa mfano 2319, zina maana ya wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Kuhusu fundi, mweleze unachokisikia na wakati unapokisikia, wala usimtajie ugonjwa. Niliwahi kumwambia fundi kuwa kabureta, inayochanganya petroli na hewa, imeharibika, naye akaifungua yote kwa kuniamini, kumbe kasoro ilikuwa kwenye pointi za disitributa, zinazokatiza umeme ili plagi zitoe cheche. Tangu hapo naweka daftari ndani ya gari: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa na bei yake, na kifaa kilichotolewa huomba nirudishiwe, nikakitazame pamoja na fundi anionyeshe kilipoliwa.