Mzee Ahitaji Nani Nyumbani?

Kabla ya kumtafuta mtu, shinda na mzee kutwa moja uandike yanayomshinda: kuinuka, kwenda chooni, kuoga, kula, kukumbuka dawa. Andika na saa zake. Familia nyingi huajiri kwanza, kazi zikaja baadaye, na dada aliyeletwa kupika akajikuta anadunga insulini.

Mzee anayejiweza ila shughuli za nyumba zimemchosha, msaidizi wa kawaida humtosha, hata wa siku 3 kwa wiki: kupika, kufua, kwenda soko la Marikiti, kuhakikisha maji matamu ya kunywa yapo, si yale ya kisima yenye chumvi.

Akianza kuoshwa, kuvishwa na kushikwa akitembea, hapo ni mhudumu wa wazee. Siku ya mahojiano usimwachie aeleze. Mwambie aonyeshe anavyomwinua mtu kitini. Anayevuta mikono au kunyanyua kwapani atamteguza mzee bega. Anayejua kazi humsogeza ukingoni mwa kiti, humrudishia nyayo nyuma kidogo, humwinamisha mbele, ndipo wakainuka pamoja. Na mama aoshwe na mwanamke, baba na mwanamume. Mzee asiyesitiriwa hukataa kuoga, nanyi mkamwita mkaidi.

Sindano, mpira wa mkojo na vidonda ni vya muuguzi. Si lazima akae kutwa; aje kwa ziara, ila leseni yake ya Baraza la Wauguzi la Kenya ihakikishwe kabla ya siku ya kwanza. Aliyepooza baada ya kiharusi ahitaji pia mtu wa fiziotherapia mapema, viungo visije vikakaza. Mwenye saratani na maumivu makali, ulizeni Coast Hospice, kituo cha Mombasa cha kutuliza maumivu ya wagonjwa.

Kazi ngumu kuliko zote ni ya mzee asiyetoka kitandani, na hapa ndipo vidonda vya kulalia huanzia. Ageuzwe kila baada ya saa 2, usiku pia. Kunja leso au shuka iwe chini yake kuanzia mabegani hadi mapajani. Watu wawili washike kingo, wamnyanyue kidogo na kumsogeza. Kumburuta huchubua ngozi. Mlaze kiubavu nusu, mto nyuma ya mgongo, mwingine katikati ya magoti, visigino vining'inie bila kugusa godoro. Kisha kagua kitako, nyonga na visigino. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu: tafuta palipoiva weusi zaidi, penye joto au pagumu. Pakionekana, pasilaliwe tena wala pasisuguliwe, kwani kusugua huzidisha madhara. Joto la Mombasa nalo hulowesha mgongo kwa jasho, kwa hiyo shuka ya pamba, na karatasi ya nailoni isiguse ngozi.

Chakula apewe akiwa ameketi wima, abaki hivyo dakika 30 baada ya kula. Anayekohoa kila anywapo chai huenda kimiminika kinamwendea njia ya hewa. Mpelekeni akapimwe namna anavyomeza.

Sasa zamu. Mtu mmoja hawezi kugeuza usiku na kupika mchana. Baada ya wiki chache atalala fofofo au ataondoka. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa siku 1 ya mapumziko katika kila 7 na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, na ajira ya miezi 3 au zaidi iwe na mkataba wa maandishi. Kwa hiyo amueni mapema Jumapili inashikwa na nani, tena kwa jina. "Tutasaidiana" humwangukia binti yule yule. Anayevuka feri kutoka Likoni, wekeni nusu saa ya kupishana ili mzee asibaki peke yake foleni ikirefuka.

Wanapopokezana, daftari liwe mezani: dawa na saa, presha, amekunywa vikombe vingapi, mkojo, choo, mara ya mwisho kugeuzwa. Akiwa hajakojoa tangu asubuhi, au amechanganyikiwa ghafla, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na daftari liende naye.