Kitalu cha miche: masika huandaliwa wakati wa kaskazi

Mombasa masika huingia kati ya mwisho wa Machi na Aprili, kaskazi ikishalegea na kusi kuanza, na Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote. Mvua za mwanzo zikishanyesha, kila mwenye ua Nyali na kila mwenye kishamba Likoni hukumbuka kupanda mti. Hapo kitalu kidogo hupata pesa yake ya mwaka, au hujiharibia jina.

Mche wa kuuza Aprili hauoteshwi Machi, kwa hivyo hesabu kurudi nyuma. Mpapai huchukua wiki 8 hadi 10, basi mbegu iingie udongoni mwishoni mwa Januari, ikiwa imeoshwa ute wote na kuanikwa kivulini. Mwarobaini ni miezi 3 au 4, nao unataka mbegu mpya. Iliyolala miezi kwenye mkebe huwa imekufa hata ikionekana nzima. Mvinje ni miezi 4 hadi 6. Mwembe wa kupandikizwa ndio usiseme: shina la chini lifike kwanza unene wa penseli, ndipo lipachikwe kitawi cha mwembe wa aina ya Apple au Ngowe, na mara nyingi mwaka mzima huwa umekwisha. Aliyechelewa asihangaike na miti. Aoteshe nyanya, bilinganya na sukuma wiki, ambazo huwa tayari kwa wiki 4 hadi 6 na haziozi mkononi, maana wanunuzi wapo.

Katika vitalu ninavyopitia, mche laini huharibu biashara kuliko mdudu yeyote. Umelelewa chini ya makuti, umenyweshwa asubuhi na jioni, majani yanang'aa, na mteja anaupenda. Akaupande kwenye mchanga wa Bamburi, juani, na siku chache baadaye umelala. Kwa hivyo wiki 3 kabla ya kuuza, punguza kivuli kidogo kidogo, na maji pia: ngoja udongo wa juu ukauke kabla ya kumwagilia tena. Nyanyua viriba, yaani mifuko ya miche, kila baada ya wiki moja au mbili ili mizizi iliyojichomeka ardhini ikatike, vinginevyo itakatika siku ya kuuza na mche upate mshtuko. Mche uliokomazwa hauvutii sana, rangi yake hupungua kidogo. Mweleze mteja kwa nini. Akifiwa na mche hatalaumu jua. Atasema miche ya pale haishiki, na mtaa mzima utasikia.

Halafu maji. Visima vingi kisiwani na karibu na bahari vina chumvi, na dalili yake ni kingo za majani kukauka kama zilizoungua. Mndimu, mwembe na mpapai haziwezi maji hayo. Mnazi na mvinje huvumilia. Mvua ikianza, kinga maji yake. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, hivyo paa la bati la mita 20 za mraba likipata milimita 30 linakupa karibu lita 600. Maji hayo yaweke kwa mbegu na miche michanga, ya kisima yaende kwa minazi. Mapipa yafunike kwa wavu, na visahani vya maua visituamishe maji. Homa ya dengue imezuka Mombasa zaidi ya mara moja, na mbu wake huzaliana humo humo.

Udongo wa viriba uwe sehemu 3 za udongo wa juu, 2 za mchanga na 1 ya samadi iliyooza sawasawa. Mchanga wa ufuoni usiuguse. Ukitumia vumbi la makumbi ya nazi, lioshe kwa maji baridi mara kadhaa, kwa sababu makumbi mengi huwa yamelowekwa kwenye maji ya bahari.

Mvua za Mei huja na ugonjwa wa kuoza shina kwenye matuta ya mbegu. Inua tuta, chimba mfereji, otesha kwa nafasi, na mche ulioanguka uutoe pamoja na udongo wake. Konokono waokote usiku kwa tochi. Mpapai wenye unga mweupe chini ya majani una kidung'ata, mdudu mdogo mweupe: utenge, usiuze.

Meza ya kuuzia iwe barabarani, mbali na matuta, wateja wasikanyage miche. Kila mwembe uwe na kibandiko chenye jina la aina yake, kwani mnunuzi hatajua umempa nini mpaka uzae. Oda za shule na vikundi huja ghafla, kama ilivyokuwa 10 Mei 2024, siku ya mapumziko ya kitaifa ya kuwakumbuka waliokufa kwa mafuriko na ya kupanda miti. Usitenge miche mia kwa ahadi ya simu. Chukua malipo ya awali. Kuhusu usajili na ukaguzi wa KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, kwa miche ya matunda, muulize afisa wa kilimo wa kaunti kabla msimu haujaanza.

Julai, chomoa miche kadhaa iliyobaki utazame mizizi. Iliyo mizima hamishia viriba vikubwa, na iliyojisokota chini itupe kwenye mboji, usiiuze kwa bei ya chini. Mbegu za mipapai ya vuli ziwe zimeingia udongoni kabla ya katikati ya Agosti.