Keneli ya kale? Iwashe ndani ya QEMU

Wakuu, kama unataka kutesti keneli (kiini cha mfumo) ya kale ya Linux kama 2.4 ya mwaka 2001 usihangaike kuibuti kwenye mashine yako, iwashe tu ndani ya QEMU, programu inayoiga kompyuta nzima. Ipe diski ya IDE (aina ya zamani), maana virtio, ile njia ya diski ya mashine za kuigizwa, imeingia 2008 kwahiyo hiyo keneli haiijui kabisa, na diski ifomati ext2 (mfumo wa faili wa zamani) kwa amri ya mke2fs -I 128, maana ext4 ya leo keneli hiyo haitaisoma. Sasa hapa ndo wengi wanakwama: inabuti fresh, unadhani umemaliza, mara inakutupia "FATAL: kernel too old". Keneli yako haina shida, hiyo ni glibc, maktaba ya C inayotumiwa na programu nyingi za Linux, kuanzia toleo 2.26 inadai keneli 3.2 kwenda juu, we weka programu za distro (Linux iliyokamilika na programu zake) ya enzi zilezile.