Ndege adimu New York: usitundike darubini kabla ya Juni

Wapenda ndege wengi wa New York humaliza msimu mapema mno. Wiki mbili za kwanza za Mei wanajazana Central Park, kwenye kile kisitu kiitwacho Ramble, shingo zimekakamaa kwa kutazama vilele vya miti. Ikifika tarehe 20 hivi wanaambiana kwamba ndege wahamao wamekwisha kupita, wanatundika darubini hadi Septemba. Mimi ndipo ninapoanza. Makundi makubwa yamepita kweli, lakini nyuma yao wanakuja wachelewaji, waliopotea njia na waliosukumwa na upepo. Sasa adimu utamtafuta kwa nani kama si kwa hao?

Central Park ina lake, sikatai. Mei 2018 alishuka pale wabla wa Kirtland, ndege mdogo mwenye kifua cha manjano, ambaye makazi yake ya kuzalia ni misonobari michanga ya Michigan hasa. Hesabu za 1974 na 1987 zilikuta madume 167 tu wanaoimba duniani kote. Ila ndege wa namna hiyo hatafutwi, hujitokeza mwenyewe na mwenye bahati akamwona. Ukitaka kutafuta kwa mpango, nenda penye maji ya chumvi. Maji yana ratiba, na ndege wanaifuata.

Pa kuanzia ni hifadhi ya Jamaica Bay, Queens, ng'ambo tu ya uwanja wa ndege wa JFK. Panda treni ya A inayokwenda Rockaway, siyo ile inayoishia Ozone Park, ushuke Broad Channel. Toka hadi Cross Bay Boulevard, kisha fuata barabara hiyo kuelekea kaskazini kwa mguu, dakika 15 au 20, hadi kituo cha wageni. Mabwawa ni mawili. Bwawa la mashariki, East Pond, liache kwanza: Mei maji yake huwa juu na ndege wa matopeni hawana pa kukanyaga. Hupunguzwa kiangazi, na hapo ndipo watu hulikimbilia. Wewe zunguka West Pond. Tuta lake lilibomolewa na kimbunga Sandy mwaka 2012, maji ya bahari yakaingia, na halikuzibwa hadi 2017. Sasa unaweza kulizunguka lote, bwawa upande mmoja na ghuba upande wa pili.

Kabla ya kuondoka nyumbani tazama jedwali la maji kujaa na kupwa la NOAA, idara ya Marekani ya bahari na hali ya hewa, na uchague kituo cha ndani ya ghuba. Maji ya ghuba huchelewa kuliko yale ya bahari wazi, kwa hiyo ukitumia saa za Sandy Hook, kituo cha nje ya ghuba, utafika wakati si wenyewe. Kanuni yangu ni kufika saa mbili kabla ya maji kujaa. Maji yakiwa yamepwa, ndege wametawanyika kwenye matope mbali kabisa, unaona nukta tu. Yanapopanda, yanawasogeza kwako kidogo kidogo mpaka wanabanana kwenye kipande cha mchanga kilichobaki. Teleskopu ya miguu mitatu ni lazima. Darubini ya mkononi ya 8x42 inayotosha Ramble, huku itakutia huzuni.

Siku nzuri kupita zote ni za bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, mwezi mpevu au mwandamo. Mei na Juni, maji ya bamvua yakijaa usiku, wale wanyama wa kale waitwao Limulus, wenye gamba la mviringo na mkia mrefu mgumu, hupanda ufukweni kutaga. Mayai yao ni madogo, ya kijani, nao ndege wanaokwenda kuzaliana Aktiki huyala kwa pupa ili kuweka mafuta ya safari. Plumb Beach, Brooklyn, pembeni ya Belt Parkway, ni mahali pazuri pa kuona karamu hiyo asubuhi yake. Ukimkuta Limulus amepinduka chali, mgeuze kwa kushika kingo za gamba. Usimvute mkia, unamuumiza.

Haya, kundi liko mbele yako. Wengi watakuwa Calidris pusilla, chamchanga (jamii ya ndege wa matopeni) wa gramu 25 hivi, kijivu-kahawia, miguu myeusi. Wapitie mmoja mmoja, kushoto kwenda kulia, mpaka uwachoke, kwa sababu jicho lisilowazoea hao halitashtuka likimpita mgeni. Mgeni ninayemwombea mimi ni Calidris ferruginea, chamchanga mwenye mdomo uliopinda chini. Kwetu pwani ya Kenya hana hadhi yoyote, msimu wa kaskazi utamkuta Mida Creek au mdomo wa Mto Sabaki akilishwa na matope kama kila mtu. Huzaliana Siberia na kushuka Afrika. Upande huu wa Atlantiki huonekana aliyekosea njia tu, na mtu aliyekua anampuuza Mida atamsafiria hapa saa mbili nzima ndani ya treni.

Mwisho wa Mei anakuwa amevaa manyoya ya msimu wa kuzaa, rangi ya tofali kuanzia usoni hadi tumboni. Tatizo ni kwamba wekundu hawako peke yao. Yuko Calidris canutus: huyu ni mnene, rangi yake inaelekea chungwa lililofifia, mdomo mfupi na umenyooka. Yuko Limnodromus griseus, mwenye mdomo mrefu ulionyooka, anayeuzamisha matopeni juu-chini, juu-chini kama sindano ya cherehani. Ukiona mwendo huo huna haja ya kutazama rangi. Anayewachanganya watu zaidi ni Calidris alpina, kwa sababu mdomo wake nao umepinda. Mtazame tumbo: ana baka kubwa jeusi, na wekundu wake uko mgongoni. Kisha subiri waruke. Ferruginea ana kiuno cheupe kabisa juu ya mkia, alpina ana mstari mweusi katikati. Yupo mwingine mwenye kiuno cheupe, Calidris fuscicollis, ambaye hupita siku hizo hizo hadi mwanzo wa Juni, lakini huyo ana michirizi kifuani na hana wekundu tumboni. Na usiamue lolote kwa mwanga wa jua la magharibi. Saa hiyo kila ndege ni mwekundu.

Upepo nao una maneno yake. Ukivuma wa kusini-magharibi wenye joto siku mbili tatu mfululizo, huwaleta ndege wa majimbo ya kusini waliopitiliza kwao. Siku hizo inua macho kuanzia saa 4 asubuhi, hewa ikishapata moto, umtafute mwewe wa Mississippi: kijivu, mabawa marefu yenye ncha, mkia mweusi. Ukigeuka ukawa wa mashariki, na ukungu au manyunyu, achana na mabwawa uende Fort Tilden au Jacob Riis Park, pwani ya Rockaway, ukatazame bahari tangu macheo, yaani saa 11:30 alfajiri. Utakaa, utaganda kwa baridi, pengine usione kitu. Lakini hapo ndipo hupita Oceanites oceanicus, kijitu cheusi chenye kiuno cheupe kinachozaliana pande za Antaktiki, na Ardenna grisea, mwenye mabawa membamba yanayokata upepo karibu na mawimbi. Kwao kusini ni majira ya baridi, wamekimbia.

Kwa habari za waliokwisha kuonekana, jiandikishe kupokea tahadhari za eBird, mtandao wa Chuo Kikuu cha Cornell ambako watu huripoti ndege waliowaona. Kuna mtego mmoja: eBird hupanga kwa kaunti, na kaunti hazina majina tuyatumiayo. Brooklyn ni Kings, Staten Island ni Richmond, na Manhattan ndiyo inaitwa New York. Ukichagua New York ukidhani ni mji mzima, hutasikia hata neno moja la Jamaica Bay. BirdCast nayo huonyesha kwa rada usiku gani ndege wengi wanasafiri. Nzuri kwa Ramble, haisaidii sana matopeni.

Ukimpata wako mwenyewe, andika papo hapo: saa, mwanga, umbali, mdomo, miguu, alivyokula, alivyoruka. Andika kabla hujafungua kitabu, maana ukishaona picha utaanza kukumbuka ambacho hukukiona. Weka kamera ya simu kwenye jicho la teleskopu upige nyingi. Picha mbaya yenye umbo la mdomo inashinda maelezo matamu. Wahakiki wa eBird watakuuliza maswali. Usinune, hata wakongwe wanaulizwa.

Taarifa itoe mapema ili wengine wawahi, isipokuwa ya kiota. Ufukwe wa Rockaway na Breezy Point kuna Charadrius melodus, ndege wa rangi ya mchanga mkavu anayetaga juu ya mchanga mtupu, naye analindwa kwa sheria ya shirikisho. Sehemu zake huzungushiwa kamba. Usivuke kamba hata kama adimu wako ametua upande wa pili. Sogea pembeni umngoje. Akianza kuburuta bawa kana kwamba limevunjika, umekaribia mayai. Rudi kwa njia uliyojia.

Soksi vuta juu ya suruali, kupe wa huku wana ugonjwa wa Lyme, na ukifika nyumbani jikague nyuma ya magoti na kwapani. Usiguse mmea wenye majani matatu matatu pembezoni mwa njia. Maji beba ya kutosha, kwa sababu kuzunguka West Pond hakuna kivuli cha maana. Na ratiba ya bamvua ya Juni itazame leo, kabla hujajaza wikendi zako kwa harusi za watu.