Kiarabu ukubwani: anza na maneno uliyonayo

Nilianza Kiarabu nikiwa na miaka 57, wajukuu zangu wa Muscat, Oman, walipokuwa wakicheka mbele yangu nisijue wanacheka nini. Siku hizi nawafundisha watu wazima wenzangu ukumbini kwangu, Wete, Pemba, na hivi ndivyo tunavyokwenda.

Hatua ya 1: Amua utazungumza na nani. Kiarabu cha vitabuni, fus-ha, si kile cha jikoni. Mimi nilitaka wajukuu, nikashika cha Oman, ambako babu huulizwa "kef halak", yaani u hali gani, na bibi kama mimi huulizwa "kef halish".

Hatua ya 2: Hesabu akiba yako, yaani maneno ya Kiarabu yaliyomo tayari kwenye Kiswahili. Hapa usifanye haraka. Chukua daftari, juu ya ukurasa andika herufi tatu za mzizi, k-t-b, chini yake panga kitabu, katibu, maktaba. Ukurasa wa pili d-r-s: darasa, madrasa. Wa tatu h-k-m: hukumu, hakimu, mahakama. Sasa tazama maktaba, madrasa, mahakama. Zote zinaanza na "ma", zote ni mahali. Hiyo ni sarufi tayari, na hujamlipa mtu. Sita, saba, tisa, ishirini nazo ni zako tangu utotoni.

Ila mengine yamegeuka njiani. Nilimwambia mkwe wangu kuwa mtihani wa mwanawe ni "rakhis", nikikusudia rahisi. Akaniuliza, kwani unauzwa? Kwao rakhis ni bei nafuu tu. Jambo jepesi ni "sahl".

Hatua ya 3: Fungua koo. Waliosoma chuo cha Kurani wana nafuu, makhraji, yaani mahali pa kutamkia kila herufi, wanayo. Wengine waanze na ح, ha ya kooni: pumua kama unayepulizia kioo cha miwani kabla ya kukifuta. Kisha tenga ق (qaf) na ك (kaf), maana qalb ni moyo na kalb ni mbwa, na hakuna mama anayetaka kuambiwa mwanawe ana mbwa mzuri kifuani.

Hatua ya 4: Maneno matano usiku, asubuhi yafunike kwa kiganja uyataje. Yaliyokimbia yarudie. Basi.

Hatua ya 5: Tuma sauti kwa WhatsApp kwa mtu asiyekuonea haya. Watu wazima watakusifu tu, hawafai. Wangu ni mjukuu wa miaka saba. Juzi kanirudisha mara nne kwa ع (ain) moja, ya tano akasema "zen", yaani vizuri, kisha akauliza mabungo nitaleta lini.